Maji taka ya nyumba yetu Kigamboni: tangi, kokoto na matete

Mtaa wetu ni wa mchanga, na maji ya ardhini yako juu. Masika ikikolea, ukichimba mita moja tu unayakuta. Shimo la kufyonza lililokuwepo tulipohamia lilikuwa likijaa kila mvua kubwa: choo hakishuki, ua unanuka, gari la kunyonya linaitwa tena. Fundi akashauri tuchimbe kwenda chini zaidi.

"Tukishuka zaidi, fundi, si tutakuwa tunamwaga choo kwenye kisima cha jirani?"

"Ni kweli, mama. Ila huku wote wanafanya hivyo."

Shauri hilo sikuliafiki. Wengi wanaamini tangi la septiki, lile linalopokea maji ya choo kwanza, ndilo linalosafisha maji, kumbe kazi yake kubwa ni kutenganisha. Tope linazama, mafuta yanaelea na kufanya utando mzito, maji ya katikati yanatoka. Bakteria wasiohitaji hewa wanalila tope polepole, lakini maji yanayotoka bado yananuka na yanaweza kuwa na vimelea vya kipindupindu au homa ya matumbo. Usafi wenyewe hufanyika mbele, kwenye udongo mkavu wenye hewa. Udongo huo sisi hatuna, hivyo nikaamua tuujenge wa kwetu: kitanda cha kokoto kilichopandwa matete. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefanya utafiti mwingi juu ya mifumo ya aina hii, kwa hiyo sikuwa nabahatisha.

Tangi tulilijenga upya kwa tofali za saruji na plasta isiyopitisha maji, vyumba viwili, cha kwanza kikiwa theluthi mbili ya urefu wote. Kwa watu sita, tangi la kubeba maji mita za ujazo 3 linatosha bila wasiwasi. Nilisimama na fundi hasa pale kwenye bomba la kutokea. Linafungwa tii ya inchi 4, yaani kiungo cha bomba chenye umbo la T, mguu wake ukizama chini ya utando, ili yatoke maji ya katikati peke yake. Tii ikikosekana, mafuta yanaingia kwenye kokoto na kuziziba, na kitanda chote kinakufa.

Kitanda kina eneo la mita za mraba 12 na kina cha sentimita 60, sakafu na kuta zake ni za zege. Tulikiinua juu ya usawa wa ua ili masika isikifikie, na kwa kuwa nyumba ina msingi mrefu, maji yanateremka yenyewe bila pampu. Yanapita chini ya uso wa kokoto, kwa hiyo mbu hawapati pa kuzalia. Bakteria wanajishika kwenye kokoto na mizizi na kula uchafu uliobaki. Matete tuliyachimba bondeni na mizizi yake. Yanapozidi urefu tunayakata.

Maji ya mwisho yanakwenda kwenye migomba. Mchicha siumwagilii, maana vimelea hupungua lakini haviondoki vyote.

Unga wa kuongeza bakteria unaouzwa madukani sinunui. Choo chenyewe kinawaleta wa kutosha. Ninachokataza nyumbani ni kumwaga dawa kali za kuzibulia na klorini nyingi, zinawaua bakteria hao.

Kila kiangazi napima tope. Nafunga kitambaa cheupe kwenye ufito mrefu, nauteremsha hadi sakafuni, nautoa taratibu; sehemu ya chini iliyotoka nyeusi ndiyo tope. Likifika theluthi ya kina cha maji, naita gari. Naliita kiangazi hicho hicho, kwa sababu tangi tupu wakati wa masika linaweza kusukumwa na maji ya ardhini likapasuka. Na vijana wa gari nawaambia waziwazi: mpira ndio unaoingia ndani, mtu haingii hata kama kuna kitu kimeangukia humo. Hewa ya mle huangusha mtu kabla hajapiga kelele, na anayemfuata kumwokoa naye hubaki humo humo.