Kichwa cha difu moja

Mwezi Juni mwaka 2019 nilikuwa nikiongoza vijana watano waliouza malori mazito katika yadi moja ya Nyakato, jijini Mwanza. Kila Jumatatu asubuhi niliandika ubaoni idadi ya magari ambayo kila mmoja alikuwa ameuza, na sikuandika kingine chochote. Kijana mmoja, mwenye bidii kuliko wenzake, alikuwa ameshika nafasi ya kwanza miezi miwili mfululizo, nami nilimsifu mbele ya wote.

Siku mbili baada ya sifa hizo alikuja mzee kutoka Magu, ambaye kijana huyo alikuwa amemuuzia kichwa kipya, yaani lori la kuvuta tela, mwishoni mwa Mei. Mzee hakupaza sauti. Alinisalimia, akaketi, akaniwekea mezani karatasi ya Usagara, kwenye mizani ya barabarani ya kupima malori.

"Mayu," alisema, yaani mama kwa Kisukuma, "gari ni zuri, ila mzigo nilioambiwa linabeba, mizani inaukataa."

Nilipoisoma karatasi ile nilielewa mara moja. Mzee alipeleka mchele na mashudu Dar es Salaam na kurudi na nondo, kwa tela ya ekseli tatu, yaani mihimili mitatu ya magurudumu, zenye matairi pacha, na kijana alimpa kichwa cha difu moja, yaani chenye ekseli moja tu ya nyuma inayozungushwa na injini. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, iliyokuwa imeanza kutumika nchini Machi mwaka huo, ekseli ya usukani hubeba tani 8, difu moja tani 10 na ekseli tatu za tela tani 24, yaani tani 42 pamoja na uzito wa gari lenyewe. Difu mbili zingemruhusu tani 18 nyuma ya kichwa, na jumla ingefika 50. Kwa mtu anayelipwa kwa tani, tofauti hiyo ndiyo marejesho ya mkopo wa benki, hata ukiondoa uzito wa difu ya ziada.

Nilimwita kijana. Alikiri kwamba hakumuuliza mzee anabeba nini. Vichwa vya difu mbili vilikuwa vimekwisha yadini, na mwezi ulikuwa unaishia. "Nilitaka nifikishe lengo, dada," alisema huku akitazama chini. Lengo lile nilikuwa nimelipanga mimi, na ubao ule ulikuwa wangu. Kwa hiyo wakubwa wangu walipotaka kamisheni yake ikatwe yote, niliomba nikatwe nami nusu, wakakubali.

Kumpata mnunuzi wa kile kichwa kulichukua majuma matatu, hadi alipopatikana msambazaji wa magodoro, ambaye mzigo wake hujaza tela kabla haujawa mzito. Mzee aliongeza fedha, akapewa cha difu mbili. Wakati huo ubao wangu ulikuwa umekwisha kubadilika: mbele ya kila jina tuliandika mzigo wa mteja, njia yake na tani zake, na ankara ya awali haikutoka mpaka mambo hayo matatu yajazwe.

Siku ya safari ya kwanza kijana aliomba kupanda na dereva wa mzee hadi Usagara. Saa tano asubuhi alinipigia simu kutoka mizani, akanisomea polepole: usukani tani saba na nusu, difu kumi na saba, tela ishirini na tatu.