Wazazi, Tumwachie Refa Mechi

Huku Leeds, Uingereza, ninakoishi, mechi za watoto huchezwa wikendi asubuhi, baridi iwe kali namna gani. Wazazi tunasimama nyuma ya utepe uliofungwa hatua chache kutoka mstari wa pembeni, na hakuna anayeuvuka. Utaratibu huo ulikuja na kampeni iitwayo Respect, ambayo chama cha soka cha huku, FA, kiliianzisha mwaka 2008 baada ya marefa kuacha kazi kwa wingi, wamechoka kutukanwa. Kwa watoto wa chini ya miaka 11, hata msimamo wa ligi hauchapishwi. Matusi hayajaisha, nisiwadanganye: mwaka 2023 FA ilianza kuwavalisha baadhi ya marefa wa ligi za chini kamera kifuani kwa majaribio. Lakini utepe ule unasaidia sana.

Agosti nilikuwa Nairobi, nikampeleka mpwa wangu kwenye mechi ya watoto wa chini ya miaka 12 huko Eastlands. Moyo uliniuma. Refa alikuwa kijana mdogo, nadhani bado yuko sekondari. Alipokataa kutoa penalti, baba mmoja aliingia hadi katikati ya uwanja, akamuuliza mbele ya watoto wote, "Wewe umekula ngapi?" Kijana akainamisha kichwa, firimbi ameikamata kwa mikono miwili. Mama aliyekuwa akichoma mahindi pale pembeni ndiye aliyemjibu yule baba: "Mzee, huyo pia ni mtoto wa mtu."

Halafu kuna winga wetu. Kila akipata mpira, baba yake anapaza sauti, "Piga!", kocha anasema, "Tulia!", na mjomba naye, "Rudisha nyuma!" Mtoto akawa anatazama pembeni kwanza, na kabla hajaamua, beki ameshamnyang'anya. Mpira hufundishika kwa mtoto kuamua mwenyewe, akosee, ajaribu tena. Tukimwamulia kila pasi atabaki kucheza kwa masikio.

Wala dawa haihitaji kusafirishwa kutoka Ulaya, iko hapohapo Nairobi, mtaani Mathare. MYSA, jumuiya ya michezo ya vijana wa mtaa huo iliyoanzishwa mwaka 1987 na Bob Munro kutoka Kanada, iliweka sheria ambazo hata huku sijaziona. Timu hupata pointi za ligi kwa kuzoa taka mtaani. Ni nahodha peke yake anayezungumza na refa. Refa ana kadi ya kijani ya kumpa mchezaji aliyeonyesha uungwana, na aliyetolewa kwa kadi nyekundu harudi uwanjani mpaka kwanza achezeshe mechi za watoto wadogo. Na asije mtu akasema uungwana hauleti vikombe: Mathare United, timu iliyozaliwa humo, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka huohuo wa 2008.

Hiyo adhabu ya kadi nyekundu ndiyo ningependa iwafikie wazazi. Nimeshamwandikia kocha wa mpwa wangu: mzazi atakayemtukana refa, Jumamosi inayofuata akabidhiwe firimbi achezeshe watoto wa miaka minane, nusu zote mbili, na sisi wengine tukae nyuma ya utepe tukipiga makofi. Utepe nitautuma mimi. Kocha amesema atalipeleka jambo hilo kwenye kikao cha wazazi kabla muhula haujafunguliwa.