Geji ya joto la oili ya giaboksi: sindano iliyogoma kutulia

Gari langu la michezo ni la zamani, giaboksi yake otomatiki, na dashibodi haionyeshi kabisa joto la oili yake. Nikaongeza geji. Sensa niliiweka kwenye paipu inayotoka giaboksi kwenda kupozwa. Ile ya kurudi husoma oili iliyokwisha kupoa, haina faida. Ila sindano ikawa inarukaruka. Sensa ya waya mmoja hupata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) kupitia mwili wake, na kiungo kilichoishika kilining'inia kati ya paipu mbili za mpira, hakigusi chuma popote. Nikavuta waya kutoka kiungoni hadi boliti ya giaboksi, nikakwangua kutu mpaka chuma king'ae. Ikatulia. Oili ikikaribia nyuzi 120 za Selsiasi, naegesha, naweka gia huru, injini inaendelea kuzungusha oili ipoe.