Siku moja na ukingo unaobomoka kando ya barabara

Saa 12 asubuhi. Kabla ya mashine kuwashwa naangalia kipimo cha maji. Mto umeshuka sana usiku. Wapita njia hushukuru. Mimi hapo ndipo ninapoingiwa na wasiwasi, kwa sababu udongo bado umelowa na ni mzito, ilhali maji yaliyokuwa yakiuegemeza yameondoka. Kingo nyingi huporomoka mafuriko yakishapungua. Natembea kando ya lami nikitafuta nyufa. Upo mmoja mpya, kidole kinaingia. Tunafunga upande huo wa barabara.

Saa 2. Pazia la kuzuia tope limeshawekwa majini. Tunaanzia kwenye mguu wa ukingo, upande wa nje wa kona, ambako mkondo hukimbia kasi na kuchimba chini kwa chini. Ekskaveta, mashine ya kuchimbia, inabaki juu na kunyoosha mkono tu, haikanyagi mto. Tunachimba msingi hadi chini ya kina ambacho maji huweza kufukua, tunatandika kitambaa cha kuchuja, kisha mawe. Nataka mawe yenye pembe, maana hung'ang'aniana. Ya mviringo huviringika. Moja linaachiwa kutoka juu mno, linachana kitambaa.

"Lishushe polepole, kaka!"

Tunaliondoa, tunaweka kiraka. Tundu hilo likiachwa, udongo utatoroka kidogo kidogo hadi mawe yatitie.

Saa 6, chakula. Kijana mgeni kazini anauliza kwa nini tusimwage zege tukamaliza. Namweleza: ukuta laini huyapa maji kasi, na ukingo unaofuata huko chini ndio utakaoliwa. Samaki nao hukosa kivuli na maficho.

Saa 8. Kwenye udongo, juu ya pale mawe yanapoishia, tunalaza mikeka ya nyuzi za nazi na kuchomeka vipandikizi vya miti inayoota kandokando ya mto. Theluthi mbili ya kijiti ardhini, macho yake ya kuchipua yakielekea juu, udongo ushindiliwe vizuri, kwani penye hewa mzizi hauoti. Mkeka utaoza, mizizi ishike zamu.

Sehemu moja iliyosimama wima ina matundu ya ndege aitwaye mdiria. Iko mbali na lami, haitishii chochote. Nimesisitiza isichongwe, na nitasisitiza tena.

Saa 11. Mtaro wa barabara unamwaga maji juu ya ukingo huuhuu tunaoutibu. Kesho, kabla ya jiwe lingine, tunayaelekeza kwenye bomba hadi chini maweni.