Masaa matatu benki: siku yangu moja Winnipeg

Ndugu zangu nyumbani wakisikia kwamba kazi yangu huku Kanada ni kuwasaidia vijana waliokulia kwenye malezi ya serikali waanze kujitegemea, huniuliza, "Kwani hao hawana jamaa?" Wanao, na ndicho kinachoniuma. Kwa sensa ya 2021, watoto wa wenyeji wa asili ni asilimia 7.7 ya watoto wote nchini walio chini ya miaka 15, lakini ni asilimia 53.8 ya walio kwenye familia za malezi. Karibu kila kijana ninayemhudumia ni wa kwao.

Saa 12 asubuhi. Nje ni nyuzi 27 chini ya sifuri. Nawasha gari lipate moto, nakunywa chai nimesimama.

Saa 2. Ofisini: ripoti, simu, ripoti.

Saa 3:30. Namchukua binti wa Kicree, jamii mojawapo ya wenyeji wa asili, aliyetimiza miaka 18 wiki iliyopita. Vitu vyake vyote vimo kwenye mifuko miwili myeusi ya taka, na kikaango kipya amekipakata. Ananiita Anti, kama wanavyowaita wanawake wakubwa kwao. Leo tuna mambo mawili: akaunti ya benki, kisha funguo za chumba chake.

Saa 4 tuko kaunta, na hapo ndipo siku yetu ilipoliwa.

Binti alitoa cheti cha kuzaliwa na kadi ya serikali kuu, ile wanayopewa watu wa Mataifa ya Kwanza (wenyeji wa asili kama Wacree) walioandikishwa. Karani akaigeuzageuza, akaikwaruza ukingo kwa ukucha, akauliza kama hana kitambulisho "cha kawaida". Leseni ya udereva, kwa mfano. Mtoto aliyehamishwa nyumba tisa, nani angekaa naye akamfundisha kuendesha gari? Nikamwambia karani kwa upole kwamba kadi hiyo imo kwenye orodha ya vitambulisho vinavyokubalika, na kwamba mtu ana haki ya kufungua akaunti hata kama hana kazi wala senti ya kuweka. Akasema atamwita msimamizi. Msimamizi yuko mkutanoni. Tukae.

Tukakaa. Saa 5 ikapita, saa 6 ikapita. Binti alikuwa kimya, kidole gumba kikisugua pale pale kadi ilipokwaruzwa. Nilijua hofu yake. Disemba 2019, kule Vancouver, babu mmoja wa Heiltsuk, jamii nyingine ya wenyeji wa asili, alikwenda na mjukuu wake wa miaka 12 kumfungulia akaunti. Walionyesha kadi kama hizi. Benki ikaita polisi, na wote wawili wakatiwa pingu. Mara mbili binti alininong'oneza, "Anti, twende zetu." Mara mbili nilimwambia tunabaki. Mara ya kwanza moyo wangu ulisita. Mara ya pili haukusita.

Karibu saa 7 msimamizi akatoka, akaitazama kadi kidogo, akasema haina tatizo. Pole hakutoa. Akaunti yenyewe ilichukua dakika 20.

Chakula cha mchana sikukiona. Mwenye nyumba alinuna kwa kuchelewa kwetu, akapokea amana ya nusu kodi ya mwezi, akatoa funguo. Tukapandisha mifuko ghorofa ya tatu, tukajaribu taa, jiko, bomba la maji moto, kufuli. Kisha binti akaomba nisiondoke kwanza. Akachanganya unga, baking pauda, chumvi na maji, akaoka bannock, mkate wa kwao, kwenye kikaango chake. Alifundishwa na bibi yake, kookum, kwenye likizo moja waliyoruhusiwa kuonana. Upande mmoja uliungua. Tulikula yote.

Sikutazama saa tena. Miguu ilikuwa imevimba, na giza lilishaingia zamani.

Nikiwa naosha vyombo nyumbani, simu ikalia. "Anti, huku kimya mno." Alikolelewa, usiku kucha palikuwa na mtu wa zamu akipita koridoni na tochi. Sikuwa na ushauri wa kumpa. Nikaweka simu kwenye spika karibu na sinki, nikaendelea kuosha. Baada ya muda nikasikia bomba la kwake nalo likifunguliwa, na kikaango kikigonga beseni.