Kumtambua samaki wa matumbawe tangini: rangi naiacha mwisho

Ushauri unaonichosha kuliko wote ni ule wa "tazama rangi, kisha linganisha na picha." Rangi hudanganya. Chini ya taa ya bluu, rangi nyekundu hugeuka karibu nyeusi, na samaki aliyeshtuka hupauka kabisa. Zebrasoma flavescens, yule kangaja wa manjano tupu, usiku hutoka ukanda mweupe ubavuni, na asubuhi haupo. Ndiyo maana mimi huwasha taa nyeupe kwanza, nikatafuta miiba, nikatazama mdomo, ndipo nikaijali rangi.

Kitatange bapa mwenye mwiba unaoelekea nyuma kwenye kona ya chini ya shavu ni wa kina Pomacanthus na Centropyge. Asiye nao ni Chaetodon au jamaa zake. Mwiba ukiwa kwenye shina la mkia, huyo ni kangaja, na puju wa jenasi Naso ana vibamba vigumu visivyokunjika mahali hapohapo. Ukaguzi huu humuumbua kangaja Acanthurus pyroferus mchanga, anayejigeuza njano mfano wa kitatange Centropyge flavissima: shavuni hana mwiba. Eti wengine hushauri umtoe kwa wavu umtazame vizuri! Miiba hiyohiyo ndiyo inayonasa kwenye nyuzi, na samaki huchanika akijinasua. Mwingize kwenye chombo angavu cha plastiki palepale majini.

Kazi tamu ni kuwatenganisha Amphiprion ocellaris na Amphiprion percula, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari mitatu myeupe. Kwa kawaida ocellaris ana njiti ngumu 11 kwenye pezi la mgongoni na percula ana 10. Kuhesabu ndiyo shida, maana pezi hulazwa. Ukitumia chakula kumvuta karibu, yeye huhangaika na chakula tu, pezi limelala. Video nayo hutoa ukungu mtupu kila akijipinda.

Dawa yake ni kioo kidogo cha kujitazamia, cha bei ya chee. Zima pampu ili maji yatulie na chembe zishuke. Futa ukuta wa tangi ndani na nje. Egemeza kioo upande mmoja, kaa na simu upande ambao samaki atakuonyesha ubavu, lenzi ikigusa ukuta na isiinamishwe, flashi imezimwa. Akimwona "mgeni" huyo, samaki wengi husimamisha mapezi yote kwa hasira, na hapo piga picha mfululizo. Dakika moja inatosha. Ukikiacha kioo atachoka bure kupigana na kivuli chake. Washa pampu, usisahau.

Kuza picha uhesabu kuanzia kichwani. Njiti ngumu huishia kwa ncha moja, laini hugawanyika juu. Ukipata 10 usitangaze ushindi, kwa kuwa baadhi ya ocellaris wana 10 pia. Tazama jicho: percula ana chungwa kali kuzunguka mboni, ocellaris ana kijivu kilichofifia. Mistari yenyewe naipa uzito mdogo, hasa kwa waliozalishwa tangini, ambao huvurugika kila namna, na wapo machotara.

Kwa Labroides dimidiatus anayesafisha wenzake, natazama mdomo tu. Wake uko mbele kabisa. Aspidontus taeniatus, mwigaji wake anayenyofoa mapezi, mdomo umejificha chini ya pua. Gramma loreto naye ana doa jeusi kwenye pezi la mgongoni, na zambarau yake huyeyukia kwenye njano taratibu. Pictichromis paccagnella hana doa, na rangi zake mbili zimekatika ghafla.

Wachanga wa Pomacanthus ni somo la peke yake. Imperator mdogo ana miviringo myeupe inayofunga kabisa karibu na mkia. Ya semicirculatus hubaki wazi, imepinda tu. Wote hubadilika wakikua, kwa hiyo weka picha ya kila mwezi yenye tarehe.