Mama Alivyopima Gari

Baba alistaafu ualimu mwaka 2013. Kiinua mgongo chake kilipotoka, alituita barazani akatuambia kwamba fedha ile haitajenga nyumba mjini wala haitafungua duka. Itanunua gari la shamba. Shamba lenyewe ni ekari sita za michungwa, na minazi michache iliyoachwa na babu, upande wa Muheza, ukishaiacha lami ya Tanga na Segera ukaingia ndani. Michungwa ilikuwa imekomaa na inazaa vizuri, lakini kila msimu fedha ilikuwa inaishia mikononi mwa watu wa usafiri.

Aliyelima machungwa Muheza anajua mambo yanavyokwenda. Msimu mkubwa ukifika katikati ya mwaka, wanunuzi wanakuja na malori ya Fuso kutoka Dar es Salaam, na wengine wanatoka Kenya. Fuso haliingii shambani kwako. Linasimama pale ambapo barabara inaweza kulibeba, na wewe mwenye mzigo ndiye unayetafuta njia ya kuufikisha. Ukichelewa, Fuso linajaa kwa jirani, na chungwa likishachumwa halirudi mtini. Usipokuwa na usafiri kabisa, unaliuza shamba kwa dalali machungwa yakiwa bado juu, kwa bei anayoitaka yeye. Daftari la shamba nilikuwa naliandika mimi, kwa hiyo najua ninachosema: ukurasa wa wabebaji na toyo za kukodi, zile pikipiki za mizigo za magurudumu matatu, ulikuwa mrefu kuliko wa palizi na dawa ukiunganisha.

Kwa hiyo kwenye kununua gari hakuna aliyebisha. Ubishi ulikuwa gari gani.

Baba Mdogo, anayeishi Tanga mjini na amekaa na magari maisha yake yote, hakutaka kusikia kitu kingine zaidi ya Toyota Hilux. Alikuwa ameshaiona moja ya dizeli, pikapu ya miaka ya tisini, ina springi za vyuma vilivyopangwa tabaka kwa tabaka nyuma, inabeba tani bila kulalamika. "Kaka, shamba ni Hilux," alikuwa akimwambia Baba. "Haya mengine ni kujifariji." Na kuhusu gari lenyewe alisema kweli. Hilux za wakati ule zilitengenezwa kwa kazi, na spea zake unazipata mpaka kwenye maduka ya wilayani.

Kaka yangu alikuwa dereva wa bodaboda, akataka toyo. Hoja yake ilikuwa bei, maana toyo mpya ilikuwa inauzwa chini ya nusu ya ile Hilux kuukuu. Haili mafuta, na fundi yeyote wa pikipiki anaijua. Nami nilikuwa upande wake mwanzoni, kwa sababu ya daftari.

Baba aliwasikiliza wote wawili, kisha akachukua futi ya fundi seremala, akaniambia nibebe daftari, tukaenda kuipima njia. Hilo lilikuwa jambo la kialimu hasa. Watu wengi wananunua gari kwa kufikiria barabara wanayoipenda. Baba alisema gari litachaguliwa na kipande kibaya kuliko vyote, basi twende tukakipime.

Kutoka lami, kipande cha kwanza ni moramu, hakina neno. Cha pili ni mteremko wa udongo mwekundu, na masika unateleza hata kwa mtu aliyevua viatu. Magari yaliyotangulia yameuchimba mifereji miwili ya matairi na kuacha tuta katikati. Baba akachuchumaa pale, akamwita kaka aangalie. Gari la magurudumu manne linapita na matairi yake kwenye mifereji. Toyo ina gurudumu moja tu mbele, nalo linapanda juu ya tuta, huku yale mawili ya nyuma yakihangaika mferejini. Ikiwa na mzigo, na mvua imenyesha, gurudumu la mbele likiteleza kutoka kwenye tuta toyo inalala ubavu. Na ukiupanda mteremko ule uzito wote ukiwa nyuma, mbele kunakuwa kwepesi na usukani hautii tena. Kaka alikwisha kuiona toyo ya kukodi ikilala palepale na machungwa yetu. Hakubisha, ila alinyamaza njia nzima.

Kipande cha tatu ni kijito. Daraja lake ni magogo ya minazi yaliyolazwa kwa urefu na kufungwa mbao juu, kazi ya babu na majirani zake, ikikarabatiwa kila magogo yanapooza. Upana wake wa kupita, tulipoupima, ulikuwa sentimita 185. Baba aliandika namba hiyo akaipigia mstari. Hilux ina upana wa karibu sentimita 170. Inapita, lakini inabaki na nafasi ya vidole vichache kila upande, nayo ikiwa tupu ina uzito wa zaidi ya tani moja kabla hujaweka chungwa hata moja. Baba Mdogo alipoambiwa, alisema basi tujenge daraja. Ni kweli, daraja linajengwa. Lakini fedha ya daraja la zege na fedha ya Hilux hazikuwa zinatoka kwenye mfuko mmoja wa mwalimu mstaafu.

Mama hadi hapo hakuwa amesema lolote. Nilidhani anawaachia wanaume habari za injini.

Jumamosi moja Baba Mdogo aliileta Hilux yenyewe, aliyoiazima kwa mwenyewe, ili Baba aione kwa macho. Aliiacha upande huu wa kijito. Wachumaji walikuwa shambani, wengi wao wanawake wa pale kijijini, na Mama akasema, "Shemeji, kwa kuwa gari limekuja, tulipakie." Tenga letu likijaa lina kilo kama hamsini. Mama na mwenzake wakalishika pande mbili, wakalinyanyua mpaka magotini, mpaka tumboni, na ukuta wa bodi ukawa bado uko juu yao, usawa wa mabega. Bodi ya Hilux inafunguka nyuma peke yake. Matenga ya mwanzo yanaingia kwa nyuma, lakini yakishajaa pale mlangoni, au mtu apande ndani ayavute mbele, au uyapitishe juu ya ukuta. Walijaribu kulipitisha. Ukingo wa tenga ukagonga bodi, likainama, na machungwa yakamwagika chini, mengine yakapasuka ganda.

Mama aliyaokota moja moja akayatenga yaliyopasuka. Hilo lilinigusa, kwa sababu yeye ndiye anayejua chungwa lililobonyea linavyogeuka. Leo linaonekana zima, baada ya siku chache limeota ukungu wa kijani na limeambukiza wenzake, na mnunuzi akiliona hilo juu ya tenga anashusha bei ya mzigo mzima.

"Shemeji," akamwambia Baba Mdogo, kwa upole kabisa, "wewe ukisharudi mjini na vijana hawa wakienda kwenye shughuli zao, nani anapakia? Sisi. Gari hili kila tenga linataka wanaume wawili. Mimi naomba gari ambalo wanawake wawili wanalipakia bila kuumia mgongo."

Kisha akasema gari hilo amekwisha kuliona. Palikuwa na kirikuu, pikapu ndogo, iliyokuwa ikileta matofali kwenye ujenzi wa jirani, Suzuki Carry nyeupe. Siku moja alisimama kando yake wakati inashushwa. Kuta tatu za bodi zinafunguka, kushoto, kulia na nyuma, zinaning'inia chini, na bodi inabaki kama meza tupu. Alisogea mpaka ikamgusa: sakafu ya bodi ilimfikia mapajani. Hakuwa na futi, alipima kwa mwili wake, na tangu siku hiyo alikuwa ameshachagua. Alikuwa anasubiri tu aulizwe.

Baba alicheka kwa furaha, akafungua daftari. Zile kirikuu za miaka ya tisini zina upana wa sentimita 140 hivi. Uzito wake zikiwa tupu ni kama kilo 700. Injini ni ya cc 660, kwa sababu Japani wana kundi maalumu la magari madogo na sheria inaweka mpaka wa injini na wa vipimo, na mzigo wake wa kisheria kule ni kilo 350. Kwetu sisi hiyo ni matenga saba. Gari na mzigo wake kwa pamoja vilikuwa vyepesi kuliko Hilux tupu. Baba Mdogo alizipitia namba zile, akazirudia, akasema, "Haya. Lakini kama ni kirikuu, iwe ile inayovuta matairi yote manne, na fundi nitamchagua mimi." Alikuwa na haki kwenye yote mawili. Kirikuu ya kawaida inavuta kwa matairi ya nyuma tu, na ikiwa tupu nyuma ni nyepesi. Kwenye mteremko wetu ingezungusha matairi pale pale.

Tukaenda Tanga kutafuta. Ya kwanza tuliionea Ngamiani, imepakwa rangi mpya ya buluu, inang'aa, na bei yake ilikuwa ya chini hata mimi nikaanza kupiga hesabu za kinachobaki. Fundi hakuitazama rangi. Alilaza boksi chini, akajilaza juu yake chali, akaingia uvunguni na bisibisi. Tulikuwa tunamsikia akigonga chesisi kwa mpini: ko, ko, ko, mlio mkavu. Halafu mlio ukabadilika, ukawa mzito. Akaligeuza bisibisi, akasukuma. Akamwita Baba ainame aone. Ncha ilikuwa imezama ndani ya chuma, na magamba ya kutu yanamwangukia Fundi kifuani.

"Hii imebeba samaki, Mwalimu," akasema akitoka. Maji ya barafu na chumvi yanavuja kupitia sakafu ya bodi, yanakaa juu ya chesisi, na yanaila polepole ambapo hakuna anayeangalia. Muuzaji akaanza kueleza. Fundi akajifuta mikono, akatuambia tulipofika pembeni, "Kizuri chajiuza."

Tuliyoinunua ilikuwa ikisambaza mikate. Rangi yake ilikuwa imefifia, mlango wa kushoto una bonde, na kiti cha dereva kimechanika. Lakini mkate ni mzigo mwepesi, na gari linalobeba mikate halina shida za springi. Injini yake iko chini ya viti, kwa hiyo Fundi alinyanyua kiti chote kama mfuniko, akafungua kizibo cha oili akakichungulia. Oili iliyoingiliwa na maji inageuka rangi, inakuwa kama chai ya maziwa. Hii ilikuwa nyeusi safi. Akaagiza iwashwe ikiwa baridi, akaenda nyuma kuangalia moshi. Akagonga chesisi kuanzia mbele hadi nyuma na mlio haukubadilika hata mahali pamoja. Baba akatoa masharti yake: atalipa, lakini gari lije kwanza livuke daraja letu likiwa na mzigo.

Mwenye gari alikubali, ila akasema ataliendesha mwenyewe. Tulilipakia matenga saba. Mama na mwenzake ndio waliopakia, wanaume wote tumewazuia kugusa, na kila tenga lilipanda kwa mnyanyuo mmoja, likasukumwa katikati. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Gari lilipokanyaga magogo, mbao zililia, na Baba alikuwa amesimama ndani ya maji ya kijito, suruali imekunjwa, anatazama magogo kwa chini yanavyojipinda. Yalijipinda kidogo yakarudi. Kwenye mteremko matairi ya nyuma yalianza kuzunguka bure, mwenye gari akasimama, akavuta kile kigingi kidogo kando ya gia, na ya mbele yakashika. Likapanda taratibu, bila kelele za ajabu, mpaka juu.

Bei ilikuwa shilingi milioni saba na nusu. Mkataba tuliuandikia kwa mwenyekiti wa kitongoji, mashahidi wawili kila upande, kadi ya gari ikabaki kwa Baba kwa ajili ya kubadilisha umiliki. Baba Mdogo alisaini kama shahidi, kisha akampa kaka yangu ufunguo na kumpa masharti mbele yetu sote: matenga saba, si nane, abiria juu ya mzigo hapana, na kila jioni akague maji na oili kabla ya kuoga.

Msimu ulipofunguka, Fuso la kwanza lilisimama kwenye moramu saa moja asubuhi. Sisi tulifika kabla halijamaliza kushusha matenga matupu. Mnunuzi alifunua tenga la juu, akageuza machungwa ya chini ayaone, akafunua la pili, akauliza nani amepakia. Mama akasema ni yeye. Akalipa bei tuliyoitaja, na kaka akageuza gari kwenda kufuata mzigo mwingine.